Udongo wa Kupimia

Ezio kapiga tena, usiku, wameshakula huko:
chumba cha chini kimepakwa rangi,
chooni wamefunga vyuma vya kushikia,
hospitali dakika kumi, daktari bure,
na theluji, siku hizi, ni ya kutazama tu dirishani.
"Loredana, una miaka sabini na mbili. Unangoja nini?"

Nikachukua daftari la kazi, nikapiga mstari katikati.
Upande huu: goti la kulia.
Kibali cha kuishi, foleni yake, na zile picha ndogo
ambamo kila mara nazidi kufanana na mama.
Stima inayokatika kazi ikiwa jikoni.
Upande ule nikaandika: Ezio.
Nikangoja, kalamu mkononi.
Mbu akatua juu ya jina lake, akaondoka.

Miaka thelathini na minne natengeneza meno Malindi,
juu ya duka la vitambaa, ngazi kumi na moja.
Zamani sikujua kama ni kumi na moja.
Wananiita Mama Meno. Wako watoto wanaokimbia wakiniona,
na wako wazee wanaonichekea sokoni mpaka gego la mwisho
ili nione kazi yangu bado imesimama.
Pesa nahesabu kwa Kiswahili. Ndoto pia.
Ila nyundo ikinipiga kidole
natukana kwa lugha ya baba, na Changawa anaitikia, "Amina."

Juzi alikuja Hawe Mbodze wa Muyeye,
wajukuu wawili wakimsukuma kutoka nyuma.
Seti yake ya tatu. Ya kwanza ilivunjwa na mfupa wa harusini,
ya pili ilibebwa na tumbili, mwenyewe yuko bafuni.
Nikamkorogea ule unga wa waridi, wenyewe huuita udongo,
nikamwambia aume, apumue kwa pua,
amfikirie mtu anayemchukia, dakika zitakwenda mbio.
Alipoutema akasema:
"Haya yafanye ya nguvu. Haya ndiyo nitakayoondoka nayo."

Usiku huo nikaacha safu zangu mbili, nikahesabu kitu kingine.
Karani Mwambire wa kortini, meno ya juu yote:
amelala kwao Ganda, nyuma ya jiko.
Mwalimu Tsofa wa Kakuyuni, sita ya mbele.
Bwana Shee Alawi yeye hakwenda na yake,
yalitolewa alipooshwa;
mjane wake akapanda ngazi na leso iliyofungwa fundo:
"Amana yako, mama."
Yamo kwenye droo. Mwaka wa tisa huu, sijui niyafanye nini.
Nilipofika arobaini na kitu nikalala.
Kumbe nimekuwa nikizikwa hapa jino moja moja,
bila kumuuliza mtu, bila kibali.
Na kule kwa Ezio, makaburini, ninayemjua ni mama tu,
naye alikufa na meno yake mwenyewe.

Sisemi hilo ni jibu.
Goti halina habari na makaburi.

Leo asubuhi, nikitafuna hamri la jana,
jino langu la chini likanitoka kama punje ya mahindi.
Changawa, aliyeanza kwangu na fagio, akasema, "Kaa."
Nikakaa kwenye kile kiti. Sikuwahi.
Kumbe wateja wangu wote, miaka yote hiyo,
walikuwa wakitazama doa la mvua lenye umbo la mbuzi.
Akakoroga. Mkono wake mwepesi kuliko wangu, na sikumfundisha hivyo.
"Uma. Pumua kwa pua. Mfikirie mtu unayemchukia."
Nikamfikiria afisa wa vibali, yule wa kaunta ya pili.

Simu ikalia. Ezio.
Changawa akaitazama, akanitazama,
akafuta kidole kwenye aproni, akapokea
kwa Kiitaliano chake cha kuokoteza:
"Hawezi kusema, bwana. Ana udongo mdomoni."

Kimya. Kisha nikamsikia kaka yangu, mbali, akiita jina langu
kama anavyoitwa mtu aliye ndani ya kisima.
Nilitaka kucheka.
Ukicheka, kipimo kinaharibika.