Kijani cha Jana

Skrini ya kwanza niliipamba kama bibi harusi:
pampu kumi na moja, kila moja na kivuli chake,
mabomba yanayong'aa, tangi lenye mawimbi,
kijani, nyekundu, manjano,
na zambarau niliyoipenda tu, basi.
Meneja alipiga makofi. Tukapiga picha.

Saa tisa usiku simu ikalia.
"Dada Sechelela, samahani kwa usingizi wako.
Namba nne imenikodolea taa.
Hii ni nyekundu, au kijani?"
Elieza Mnyukwa, miaka kumi na tisa
kwenye visima vyetu kaskazini ya Dodoma,
na hajawahi kumwambia mtu
kwamba macho yake huziona rangi hizo mbili
kama udongo na udongo.

Zamani, akasema, palikuwa na swichi.
Ikiwa juu, maji yanapanda. Ikiwa chini, yamelala.
Na utotoni, kule Mvumi, ng'ombe wa baba yake
aliwajua kwa pembe na kwa mwendo.
Hakuna aliyemuuliza rangi.

Nikaenda na blanketi. Julai, upepo unasugua vumbi kwenye mabati.
Nikakaa nyuma ya kiti chake zamu tatu
nikaona mengine.
Kwa fundi Malogo, wa umeme, nyekundu ni moto: umeme upo, kazi inaendelea.
Kwa kijana wa zamu ya mchana nyekundu ni balaa, imekufa.
Taa moja, watu wawili, kila mmoja ana haki.
Halafu neno langu mwenyewe: IMEFUNGWA.
Nilimaanisha vali haipitishi maji.
Malogo akasoma: vali mpya, imeshafungwa, bolti zote, tayari.
Akawasha.
Gasketi ilipasuka, tukaoga sote bila kupenda.

Ila kilichonikosesha raha ni kijani cha namba saba.
Panya walikuwa wametafuna waya tangu jana saa nne,
na skrini iliendelea kutabasamu
na habari ya mwisho iliyoisikia,
huku Nkuhungu madumu makavu
yamepanga foleni mpaka barabarani.
Haikusema uongo hasa.
Ilisema jana.

Basi nikafuta. Vivuli, mawimbi, zambarau yangu.
Nikatandaza kijivu; kilicho sawa kinyamaze.
Inayosukuma: duara lililojaa, INASUKUMA.
Iliyopumzika: duara tupu, IMESIMAMA.
Yenye hitilafu ndiyo pekee ipewe rangi, na pembetatu
("Pembe tena," Elieza akacheka),
ipepese mpaka mtu aiguse, kisha itulie,
isipige kelele kama mlevi msibani.
Na ile isiyosikika: duara la nukta nukta, alama ya kuuliza,
saa iliposikika mara ya mwisho,
na neno: SIJUI.

Meneja akalikataa. "Mtambo wa mamilioni yote haya useme sijui?"
Elieza hakugeuka kutoka kwenye skrini.
"Mimi nikisema sijui, bosi, huwa namtuma mtu akatazame."

Usiku ule simu haikulia.
Niliamka saa tisa hivyo hivyo, kwa mazoea,
nikaenda jikoni, hapa Ilazo, nikafungua bomba.
Likakohoa hewa. Likatema kutu kidogo. Likatoa maji.
Nikalifunga,
na kwa mara moja neno hilo lilikuwa na maana moja tu.