Shami

Kwenye pakiti pamechorwa mnyama
mwenye pembe zilizopinda ncha kama ndoano.
Amesimama juu ya jabali, theluji mgongoni,
anaitazama Kaptembwa asiyoijua.

Sisi hukiita shami, kipande hiki cha ngozi.
Bei yake ni siku mbili za kuosha pikipiki,
ndiyo maana Bosibori, mwenye bomba na tangi,
alikiandika daftarini kwa kalamu nyekundu:
*Shami moja. Kirwa. Asipoteze.*

Asubuhi, kikiwa kikavu,
ni kigumu kama chapati ya juzi.
Ukikikunja kinalalamika.
Kitie majini, hesabu hadi ishirini,
kinalegea,
kinakuwa sikio la ndama.

Jumapili nilikipeleka nyumbani, ndani ya pakiti yake,
nikamwekea baba mapajani.
Miaka kumi na tisa alikwangua ngozi kiwandani,
chokaa ikamla kucha moja moja.
Kondoo wa Molo, wa Mau Narok, wa Ol Kalou,
wote walipita mikononi mwake bila mlio.
Hakusoma kitu. Alifumba macho,
akakisugua kati ya gumba na kidole cha shahada,
akanusa.

"Kondoo," akasema. "Upande wa ndani, uliolala na nyama.
Kanyweshwa mafuta ya samaki.
Tangu siku hiyo kiu haimwishi."

"Na huyu wa pembe?"

"Huyo ni wa pakiti."

Lakini mimi nilishamwona ndugu yake.
Nilikuwa mdogo, natafuta kuni ukingoni mwa Menengai,
na mbuzi mawe alikuwa pale, ng'ambo ya korongo,
kwato nne juu ya jiwe lisilotosha sufuria.
Chini yake, shimo lote na moshi wake.
Nilikohoa. Akaruka.
Sikusikia hata kokoto.
Ngozi ilimkaa vizuri, haina mshono wala bei;
ilikuwa bado ni yeye.

Sasa napangusa vioo vya wenye haraka.
Vumbi jeupe la ziwani linarudi kabla sijamaliza mlango wa pili.
Shami inakunywa, naikamua, inakunywa tena,
na kila nikikamua, maji yanayotoka
yana rangi ya chai ya kiwandani,
ile baba aliyokuja nayo kwenye viatu.

Aliniambia nisikianike juani.
"Kivulini. Hata iliyokufa, ngozi huogopa jua."
Akanirudishia kitambaa.

Pakiti hakunirudishia.
Juzi nimeiona, imebandikwa kwa uji wa ngano
juu ya kitanda chake, karibu na kalenda ya dukani:
mnyama, jabali, theluji.
Sikumuuliza.
Naye alijifanya anatafuta miwani.