Vidole Vitatu

Gwamaka, shika tochi. Usiwamulike samaki, wamelala;
mulika ukingo wa kioo, maji yalipoacha mstari mweupe
kama jasho lililokauka kwenye kola ya mchimba mtaro.
Jumatatu yalikuwa hapo. Leo Alhamisi yako huku.

Hakuna tundu. Nimepapasa kona zote kwa tishu,
imebaki kavu.
Ni Julai tu: upepo wa Loleza unapita chini ya mlango,
unaikuta hita ikiwapashia joto wageni wa Matema,
unabeba bilauri sita kwa siku, hauagi.
Mbuna hawakuzaliwa kwa baridi ya Soweto.
Maji yakishuka, hita itachungulia nje,
na hita ikichungulia nje, hupasuka.

Ndiyo maana mlinzi alipewa kazi ya kujaza.
Mzee Anyosisye ni mwaminifu,
ila bomba halijui uaminifu wa mtu:
alifungua, akarudi kidogo kwenye blanketi,
na alfajiri, duka la chini, vitenge vya Bupe
vilikuwa vinaelea, ua likitoa rangi juu ya ua.
Daktari wa meno akalipa doti kumi na nne.
Hapo akatukumbuka sisi, mafundi wa vyoo.

Usicheke. Boya ni boya.
Lile linalonyamazisha tangi la choo kila nyumba Ilomba
ni kaka mkubwa wa hili, lenye ukubwa wa yai la kware.
Maji yakishuka, linainama, linafungua;
yakipanda, linapanda nayo, linaziba mdomo.
Haliulizi kama umeme upo. Linaomba mwinuko tu,
na mwinuko, kijana, Mbeya tunao wa kugawa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo fundi
anapoachana na mtu mwenye spana.
Usiunge bomba la mji. Hata Daktari akisema unga.
Bomba la mji halina mwisho,
na siku boya likikwama, kosa lake nalo halitakuwa na mwisho.
Weka ndoo juu ya kabati. Lita ishirini,
zimelala mchana kutwa na usiku kucha, dawa imetoka.
Kisha pima: lita ishirini, kioo cha futi nne,
ni vidole viwili.
Wewe acha vitatu.
Ndoo yote ikiingia kwa usiku mmoja, kioo kitaimeza,
na Bupe atafungua duka lake akipiga miayo.

Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni mipira na vibano.

Boya la pili likae juu kidogo ya la kwanza.
Likae bure. Likae bure mwaka mzima;
tumelinunua kwa ajili ya kukaa bure.
La kwanza livalishe soksi ya mtoto mchanga
kwa sababu ya yule, mulika, yule konokono.
Umemwona? Hana haraka, hana nia mbaya,
na ndiye atakayekwamisha mtambo wote
akitafuta tu pa kulala.
Ilinikuta kwa Mwalimu Tusekile, Uyole. Nilirudisha fedha.

Na Daktari aambiwe: kujaza si kubadilisha.
Kinachopanda hewani ni maji matupu;
mavi ya samaki hayapandi.
Jumamosi bado ni ya ndoo na mpira.

Haya, fungua koki. Bonyeza boya. Unasikia?
Liachie. Kimya. Vizuri.
Sasa yakwamishe yote mawili.
Ndiyo, makusudi, kwa kijiti hiki.
Nimeacha chakula cha jioni, wewe umeacha mpira wa Simba,
tutakaa hapa tuitazame ajali yetu wenyewe.

Kidole cha kwanza kimezama.
Mbuna mmoja ameamka, wa bluu, anaonja mchirizi.
Kidole cha pili.
Ndoo inakoroma, inamaliza.

Lete mkono wako. Weka hapo, juu ya maji.
Kimoja cha hewa kimebaki.
Toa vijiti, Gwamaka, twende.