Herufi ya Mwanzo

Darasa la nne niliwafundisha hivi:
kungu ni tunda, mkungu ni mti,
ukungu ni ule unaoshika mkate siku ya tatu
na ukuta wa choo wakati wa masika.
Badilisheni herufi ya mwanzo, nikasema,
muone neno linavyohama nyumba.
Wakacheka. Nami nikacheka.

Mkungu wetu ulikuwa Tudor, uani,
matawi ghorofa juu ya ghorofa.
Majani yakizeeka yakiwa mekundu,
na mama kila asubuhi, ufagio mkononi, akiuapiza:
"Mti gani huu, wavua nguo mara mbili kwa mwaka!"
Wadogo zangu, ndimi zambarau,
wakigonga kokwa kwa jiwe kizingitini,
vidole vikapondeka, wakalia, wakagonga tena,
kwa kile kiini chembamba kama ukucha wa mtoto
ambacho lozi za dukani hukiiga tu.
Usiku ilikuwa zamu ya popo.
Wakimaliza nyama, kokwa wakiliachia bati: ta!
Baba hageuki hata ubavu.

Baba, Mzee Shekuwe, kuli wa Kilindini
miaka thelathini na mmoja.
Alipostaafu hawakumpa saa. Walimpa ruhusa
ya kubeba mbao za makreti yaliyovunjika,
mbao ngeni, nyeupe, zikinuka dawa ya kikohozi,
zimepigwa chapa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma.
Akazizungusha shinani, zikawa benchi.
Akakaa. Akasema, "Sasa nimefika."

Mwaka wa pili majani yalianguka bila kuwa mekundu.
Yalitoka kijani yakaenda kahawia,
kama mtu aliyeruka utu uzima.
Gome likapasuka, na ndani ya ufa
vumbi laini, la kupendeza,
kama manjano ya mchuzi yaliyomwagika.
Ukafuata wa jirani. Ukafuata wa msikitini.
Msumeno wa kaunti ukapita mtaani kama mtoza kodi.

Bi Nyevu wa idara ya kilimo alikuja na glavu.
Hakuanza na mti. Aliinama chini ya benchi,
akakwaruza ubao kwa kisu kidogo,
akakitazama kisu, akamtazama baba, akakitazama tena kisu.
"Hizi mbao, mzee, ulizitoa wapi?"
Angeweza kusema hakumbuki.
"Nilizibeba mwenyewe," akasema. "Kichwani. Safari nne."

Usiku ule alilivunja benchi msumari kwa msumari,
akalichoma ndani ya pipa. Majirani wakafunga madirisha.
Mama alimletea chai, ikapoa juu ya jiwe la kupasulia kungu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone —
baba alilirudia neno hilo polepole,
kama mtu anayekagua sarafu asiyoiamini.

Mji huu wajua kuhifadhi majina kuliko miti.
Nenda Mwembe Tayari, katafute embe juu ya tawi.
Kituo chetu bado kinaitwa Mkunguni,
na mwanafunzi wangu Swabra ameandika kwenye insha:
"Mkungu ni ndizi nyingi pamoja."
Nikampa alama. Hakukosea.

Jana, usiku wa manane: ta!
Nilisikia mlango wa baba kabla sijafumbua macho.
Nilimkuta juu ya ngazi, tochi mdomoni,
mkono ndani ya mlizamu,
akitoa kokwa moja, bichi, lenye alama za meno ya popo.
Kwa hiyo uko mkungu mahali. Ng'ambo ya Likoni, au Mtongwe,
popote popo anapofika na kurudi kabla ya alfajiri.

Aliliosha kwa sabuni. Akaliosha kwa Jiki.
Akanawa mikono hadi viwikoni, kama wa kutawadha,
kisha akasimama katikati ya ua,
kokwa kiganjani,
akiutazama udongo,
asithubutu kuinama.