Hana Soksi

Mama hataki jina lake litajwe ndani ya nyumba.
Seronga nzima hatulitaji usiku:
tunasema "yule wa mtoni", tunabadilisha mazungumzo.
Akilia juu ya paa, mtu anahesabu watoto wake.

Na ndiye anayenilisha.
Ndiye aliyenunua mabati, sare ya Kitso,
miwani ya mama. Pesa yetu inaitwa pula,
maana yake mvua, na kwangu mimi mvua hiyo
hunyesha kutoka kwenye mkuyu mmoja
ambao simwonyeshi mtu bure.

Julai alikuja Annelies, daktari wa meno mstaafu,
mwenye lenzi nene kama mchi wa kinu
na daftari la ndege mia sita na kumi na mmoja.
"Nimechoka na midomo ya watu," aliniambia,
"sasa nataka kutazama wasio na meno."
Nilicheka hadi mtumbwi ukayumba.

Siku tatu nilisukuma upondo tangu alfajiri,
baridi ikinikata vidole, mafunjo yakitudondoshea umande.
Nikamwonyesha mdiria, akapiga.
Sile maji akikanyaga mayungiyungi
kama mdaiwa anayenyata mbele ya duka, akapiga.
Furukombe, akapiga mpaka kadi ikajaa.
Hakutabasamu. Alikuwa akimngoja yule.

Mara umbo la hudhurungi likaruka kichakani.
"Ni yeye?" Kalamu imeshafunguliwa.
Ningesema ndiyo. Nani angejua?
Bakshishi ilikuwa karibu kama kikombe na mdomo.
"Fundichuma," nikasema. "Fundichuma tu."
Akafunga kalamu. Tukanyamaza,
kiboko akatucheka kwa niaba ya wote.

Jina langu Oreeditse: amesikiliza.
Usiku wa tatu nilisikiliza nikiwa kitandani,
sauti ile nzito, kama mtu anayepuliza chupa tupu
ng'ambo ya maji,
na kulipopambazuka nikaifuata sauti,
si mkuyu.

Alikuwepo.
Mkubwa, rangi ya chungu kipya,
macho meusi yasiyomdai mtu kitu,
na chini ya kucha zake nusu ya kambare.
Kamera ikatatarika kama bisi.
Kisha Annelies akaishusha, akapangusa lenzi kwa leso,
halafu uso, kwa leso ileile.

Picha ilifika Septemba, kwa posta, kupitia Maun.
Mama alifungua bahasha kabla yangu.
Nilimkuta nje ya mlango, ungo wa mtama kauweka kando,
miwani puani. Ndiyo, miwani ile.
Nikasimama kama mtoto aliyevunja sahani.
Akaisogeza picha mbali, akairudisha karibu,
akamtazama tangu kichwani hadi kwenye kambare.

"Oreeditse. Huyu ndiye niliyemwogopa miaka sabini?
Hebu ona miguu. Myembamba, mitupu,
kama ya baba yako akitoka kuoga.
Hana hata soksi."

Hakukubali itundikwe. Iko chini ya kopo la sukari,
uso umeelekea meza.
Na yule wa mtoni akilia, mama bado huamka,
huenda jikoni gizani, huja kumwaga majivu kizingitini.

Ila siku hizi kiganja hakijai.