Kalenda ya Duka la Saruji

Nyuma ya mlango wa jiko, hapa Langoni,
imetundikwa kalenda ya duka la saruji.
Mume wangu huitazama akitafuta sikukuu;
haulizi alama za wanja ni za nani.

Zangu ni vitone. Za Muzna ni vijistari vidogo,
kama mishono ya kofia isiyokwisha.
Mwezi wa kwanza, siku ishirini na sita.
Wa pili, thelathini na moja.
Wa tatu haukuja kabisa,
akanijia analia: Mama, nimeharibika?

Nikamwambia, mwezi wa mbinguni wenyewe
watu huupandia darini kuugombania,
huyu kauona, yule hakuuona,
sembuse wako, wenye umri wa mwaka?
Kiuno kikiuma, andika. Matiti yakijaa, andika.
Ukimgombeza paka bila kosa, andika pia.
Mwili hubisha hodi kabla haujaingia.

Mimi sikufunzwa na mtu.
Hesabu yangu niliisoma kwa deni la Ramadhani:
siku sita mwaka ule, saba mwaka huu,
nikizilipa kimya kimya
huku wenzangu wanakula mikate ya mofa.

Juzi alitabiri: Jumanne, au Jumatano.
Akatia sodo mkobani, chini ya daftari la jiografia.
Jumanne ikapita.
Jumatano nayo.

Alhamisi alfajiri nikasikia maji msalani,
kisha kalamu ya wanja ikikwaruza mlangoni,
na mtoto akicheka peke yake gizani:
"Nimekosea siku moja tu."