Aya ya Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyechapa.
Uhindini, ghorofa ya pili, mwezi wa saba,
Loleza imejifunika ukungu hadi masikioni,
nami soksi mbili mbili, vidole vikigoma.
Rufaa namba tisa. Mrufani: Apendeki Wilondja,
wa Baraka, ng'ambo ya ziwa.

Mkalimani hakuletwa.
"Kiswahili si chake na chetu?" Bi Sanga aliuliza
akikoroga chai. Tukacheka kidogo,
Apendeki naye akacheka, kwa adabu,
kama mgeni anavyocheka mzaha wa wenyeji.
Kicheko hicho nacho kimo. Aya ya tisa:
mrufani alionekana mchangamfu.

Walimuuliza mvua. Usiku ule ilinyesha?
Mara ya kwanza alisema ilinyesha.
Mara ya pili alisema hakusikia mvua.
Walimuuliza mlango, wa mbele au wa nyuma.
Walimuuliza tarehe, akaihesabu kwa vidole
kuanzia ubatizo wa mtoto wa jirani,
na Bwana Mwampamba akamsikiliza
kama mnunuzi wa Uyole mbele ya lumbesa:
viazi vya juu ni vya kuonyesha,
mkono uingie hadi katikati.

"Balimuua yaya wangu," alisema, "minaangalia."
Kwenye fomu ya kwanza, iliyojazwa na mtu mwingine,
aliyeuawa ni kaka.
Kaka, au yaya?
Muuza dagaa, anayelala chumba kimoja na wanawe wanne,
aliajiri yaya kwa mshahara gani?
Kalamu tatu zikashuka kwa pamoja.
Akarudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto:
"Yaya. Asukulu, yaya wangu."
"Sasa yaya mwanaume?"
Nikachapa: mkanganyiko katika jambo la msingi.
Nikachapa: haaminiki.
Nilikosea herufi moja, nikafuta, nikarudia,
haaminiki,
ikakaa sawa.

Mimi yaya namjua. Dada yangu Odilia
alichukuliwa Mafinga na mama mwenye gari jeupe,
miaka kumi na minne, akabebe watoto wa watu Dar es Salaam.
Alirudi anatembea ameinama upande
kama bado kuna mtu mgongoni.
Neno hilo kwangu linanuka sabuni ya mche na nepi.
Sikuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Jumamosi, Mwanjelwa, kwenye vitenge,
kijana wa Kalemie ananiita: "Yaya, pita uone."
Nikamjibu mimi si yaya wa mtu.
Akashangaa kweli.
"Si uko mukubwa yangu?
Kwetu mukubwa wako, mwanaume, mwanamuke, ni yaya."
Kitenge kilikuwa cha manjano. Nilikishika muda mrefu
hadi akapunguza bei mara mbili
bila mimi kusema kitu.

Jumatatu niliandika mistari sita,
nikaibana kwa pini mbele ya jalada.
Bwana Mwampamba aliisoma akiwa amesimama.
"Wewe ni shahidi, au mchapaji?"
Akaichomoa pini, taratibu, asichane karatasi,
akaiweka kwenye kisahani pamoja na pini nyingine.
Karatasi sikuona ilikokwenda.

Apendeki alikuja kuchukua nakala siku ya Alhamisi.
Alisaini pale nilipomwonyesha.
Aliuliza kama choo kiko chini, nikasema kiko chini.
Ningeweza kusema lingine.
Nilikuwa nalo mdomoni, la moto kama kiazi,
na foleni ilikuwa ndefu, na Bi Sanga alikuwa mlangoni,
na hizo zote ni sababu ambazo
kama ningekuwa mbele ya meza ile
wangeniuliza ipi ilitangulia.

Usiku nilimpigia Odilia.
"Yaya," nikasema.
Kimya. Nikamsikia anaweka sufuria chini.
"Yaya, ni mimi."
Akakata simu.
Alidhani namtukana.